Fize ya Nusu Tani

Nimekabidhi sanduku la vifaa, pamoja na ovaroli mbili ambazo hata kudekia hazifai. Vijana wa garaji mlinifanyia sherehe mkanipa kiti, kana kwamba miaka yote ile nilikuwa nikitafuta pa kukaa. Kisha mmoja wenu akaniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi. Nimekubali. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwaje, kwa sababu hayo hayakazi nati hata moja. Nitawaambia habari ya mguu wa mbele wa kamioneti moja. Ni jambo la miaka mingi, na bado nalikumbuka nati kwa nati.

Niliingia garaji ya Mulongwe, hapa Uvira, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana mwenye ndevu tayari, nimetoka kubeba magunia ya pamba bandarini Kalundu. Garaji ilikuwa jirani mno na mto wa jina hilohilo. Mvua zikizidi tulikuwa na kazi mbili: kutengeneza magari, na kwenda kuyatafuta mahali ambapo maji yameyapeleka. Mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja ambaye sote tulimwita Patroni. Hakuwa mkali sana. Alipenda karatasi, na gari lisilokuwa na karatasi kwake halikuwa gari.

Siku ya kwanza nilipigwa na butwaa. Nilidhani gari huzaliwa zima na hufa zima. Pale nikakuta kamioneti yenye boneti ya kijani, milango ya kijivu na sanduku la nyuma la mbao za mikaratusi, na nilipoinama chini nikaona resori, zile springi za majani ya chuma, za upande mmoja zina majani saba na za upande wa pili majani tisa. Nikauliza hili ni gari gani. Wenzangu wakacheka mpaka wakaweka nyundo chini. Vipuri vilitoka mbali, kwa treni na kwa meli, na meli haikuwa na haraka na mtu wa Uvira. Kwa hiyo nyuma ya garaji tulikuwa na uwanja wa magari yaliyokufa, tukaishi kwa kuwatoa marehemu viungo.

Aliyenifundisha ni Fundi Ntahombaye. Alikuwa Murundi wa Runingu, kule bondeni Ruzizi, Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kushusha jeki. Alikuwa mrefu, mkavu, na maneno yake yalikuwa machache hata kwa mtu anayemdai salamu. Nilikaa wiki tatu nikidhani hanipendi. Baadaye nikaambiwa kwamba kwake mimi nilikuwa nimependwa sana, kwa sababu alikuwa ameniambia neno "vizuri" mara mbili.

Kazi yake kubwa ilikuwa mbele ya gari, na lazima niwaeleze kidogo, maana nyinyi mmezoea magari mengine. Kamioneti za wakati ule zilikuwa na mhimili mmoja wa chuma kizito unaotoka gurudumu hadi gurudumu. Kila mwisho wa mhimili kuna tundu lililosimama wima. Ndani ya tundu hilo mnapita pini nene, tuliyoiita pivo, na pivo ndiyo inayoshika fize. Fize ni kile chuma kinachochomoza nje kama kidole, ambacho rulema, yaani beringi, na gurudumu huzunguka juu yake. Uzito wote wa mbele wa gari umekaa juu ya vidole viwili hivyo. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nikaitazama fize, nikatazama gari, nikakataa kupanda gari kwa siku mbili.

Kamioneti za kampuni moja zilifanana kwa sura, lakini zilikuwa na madaraja. Kulikuwa na ya nusu tani, na kulikuwa na ya tani moja. Serikali ilidai uzito wa mzigo uandikwe kwa rangi nyeupe mlangoni. Nati za gurudumu zilikuwa tano kwa zote, na gurudumu la hii liliingia kwenye ile bila ugomvi. Tofauti ilikuwa ndani. Pivo ya nusu tani ilikuwa nyembamba, fize yake nyembamba, rulema ndogo, ngoma ya breki haina upana. Ukitoa viungo vya tani moja ukaviweka kwenye nusu tani, utahangaika, utachonga na kutoboa, lakini gari litatembea na mwenyewe atakushukuru. Ukitoa vya nusu tani ukaviweka kwenye tani moja, gari litatembea vilevile. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwamba litatembea.

Kwa ajili hiyo Ntahombaye alikuwa na vijiti. Alivichonga mwenyewe kwa mti mgumu, akavifunga vitambaa, chekundu kwa tani moja na cheupe kwa nusu tani. Kijiti chekundu kikiingia sawasawa kwenye tundu la fize, lile linalopitisha pivo, ni ya tani moja. Kikigoma, si yake, hata aje mfalme kuisifia. Hakuna kipande cha mbele kilichofungwa garini kabla yeye hajakipima. Wateja walimcheka, Patroni alimcheka, na yeye aliendelea kupima.

Sasa, mwaka mmoja, siku chache kabla ya Kwarezima, Kashindi wa Kilibula alituletea kamioneti yake ya tani moja. Kashindi alikuwa mtu wa ziwani, mwenye sauti, na alikuwa miongoni mwa watu weusi wachache wa mji wetu waliokuwa na gari lao. Alibeba ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenda bondeni na kurudi na mihogo na watu. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa likilia. Tulipolifungua tukakuta rulema imeungua, imekula fize mpaka imekuwa kama muwa uliotafunwa. Fize ile haikuwa ya kuponywa.

Siku ilikuwa Jumatano. Jumamosi ya wiki ileile, mpwa wake Kashindi alikuwa anamwoa Spesioza, binti wa Fundi Ntahombaye. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba, na upande wa bwana arusi ulikuwa umeanza kunong'ona kwamba watu wa bondeni wanamficha binti kwa sababu wanazozijua wao. Tangazo lilikuwa limesomwa kanisani Jumapili tatu. Jumatano iliyofuata ilikuwa Majivu, na ndani ya Kwarezima padri hafungishi ndoa. Gari la kumchukua bibi arusi Runingu ni hilihili. Zamani wangemchukua kwa ingobyi, machela ya kusuka inayobebwa mabegani, ili mguu wake usiguse njia kabla ya kufika kwa watu wake wapya. Siku hizo walikuwa wamekubaliana kwamba kamioneti ni ingobyi yenye moshi. Kwa hiyo kama gari halitengenezwi, hakuna harusi, na huenda hakuna tena.

Fundi aliniambia tu nitafute fize kule nyuma.

Nikaenda kwenye uwanja wa marehemu. Palikuwa na kamioneti ya kampuni ileile, ya kijivu, ambayo mafuriko ya Mulongwe yaliiviringisha mpaka paa likakutana na usukani. Mlangoni imeandikwa mzigo wa kilo elfu moja. Moyo wangu ukafurahi. Nikaing'oa fize ya kulia pamoja na sahani ya breki, ngoma na pivo yake, nikaviosha kwa petroli, nikaviweka mezani kama mtu anayetandika chakula.

Nawaambieni alama zote zilikuwepo, na nikawa napishana nazo tu. Pivo ilicheza kwenye tundu la mhimili wa Kashindi. Nikasema tundu limelika kwa uzee, nikakata bati la kopo nikaizungushia. Ngoma ya kulia ilikuwa nyembamba kuliko ya kushoto kwa upana wa kidole. Nikasema viwanda navyo hubadilisha mawazo. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu, kwa sababu mlango ulikuwa umeshasema tani moja, na mimi ni nani nibishane na maandishi ya serikali.

Vijiti sikuvitumia. Nilijua Fundi atapima. Adhuhuri nikaenda sokoni kula bugali wangu, fize ikiwa mezani. Niliporudi nikamkuta amesimama, ameishika kwa mikono miwili, amenipa mgongo. Nikamuuliza kama iko sawa. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili. Kisha akaiweka chini.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Alhamisi Kashindi akalijaribu mpaka Kavimvira na kurudi, akasema gari linavuta kushoto akikanyaga breki. Nikamwambia breki mpya zinahitaji kuzoeana. Mungu anisamehe, nilisema hivyo huku nimejiegemeza mlangoni, nimeweka mguu mmoja juu ya mwingine. Ijumaa Fundi akachukua baiskeli akaenda kwao Runingu, na Jumamosi asubuhi Kashindi akapita mbele ya garaji amefunga majani ya migomba kwenye boneti, anapiga honi.

Mimi nilibaki kazini. Mteja mmoja alitaka mkono wa kuteremshia kioo, nikaenda tena kwenye ile kamioneti ya kijivu. Mlango ulikuwa mgumu, nikaulazimisha, bawaba ikachubuka. Chini ya rangi ya kijivu nikaona kijani.

Nikakwaruza kwa ukucha, kisha kwa bisibisi. Ni kijani kabisa. Nikaangalia mwili wa gari pale mlango unapokutana nao: kijivu mpaka kwenye chuma. Mlango haukuwa wa gari lile. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mlango ule niliufunga mimi. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko, gari hili lililetwa limevunjwa mlango na kiboko kule Ruzizi, nami nikatoa mlango kwenye gari la tani moja lililoanguka milima ya Kamanyola, nikaufunga, nikaupaka kijivu, na yale maandishi meupe niliyazunguka kwa brashi kwa uangalifu mkubwa nisiyaharibu. Niliyaona mazuri.

Lile gari la kijivu lilikuwa la nusu tani. Fize ya nusu tani ilikuwa chini ya kamioneti ya Kashindi, na kamioneti ilikuwa imekwenda kupakia harusi.

Sikumuaga mtu. Nilichukua baiskeli ya kwanza niliyoiona, na mwenyewe alinifuata akikimbia mpaka darajani. Nilipita Kavimvira bila kuona nyumba. Nilikuwa nikitazama ukingo wa barabara tu, nikitafuta alama za gurudumu lililotoka, nguo, watu wamelala. Kila palipokuwa na mkusanyiko mbele, hata wa mbuzi, niliongeza mwendo. Nilimwaza Spesioza, ambaye alikuwa akimletea baba yake chakula garajini na kutusalimu sote kwa majina. Nilikuwa nimemfungia gurudumu kwa bati la kopo.

Niliwakuta karibu na mashamba ya miwa ya Kiliba. Kwanza nilisikia nyimbo. Kisha nikaliona gari, linakuja polepole mno, mwendo wa mtu anayetembea, limejaa mpaka sanduku limekaa juu ya resori. Nilidhani watakuwa wamepanda watu watano. Walikuwa zaidi ya ishirini, pamoja na mitungi ya pombe ya ndizi, mikeka, vigoda, na mzee mmoja ameketi juu ya kabini. Spesioza alikuwa mbele kando ya Kashindi, amefunikwa kitambaa cheupe.

Na kando ya gurudumu la mbele la kulia, kwa miguu, alitembea Fundi Ntahombaye.

Alikuwa amevaa koti jeusi la Pasaka. Viatu ameviweka mkono wa kushoto, yuko pekupeku katika vumbi. Mkono wa kulia ameulaza juu ya bawa la gari, lile bati linalofunika gurudumu, na kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Wanawake walioko nyuma waliniambia kwa furaha kwamba ametembea hivyo tangu Runingu, amemwambia Kashindi bibi arusi hakimbizwi. Watu wa ziwani walidhani ni mila ya Warundi, baba kumsindikiza mtoto kwa miguu. Warundi walidhani ni sharti la watu wa ziwani. Kila upande ulikuwa umevutiwa sana na heshima ya mwenzake.

Akaniona. Mimi nimelowa jasho, nimeacha kazi saa za kazi, nimekuja kwa baiskeli ya mtu kutoka Uvira. Hakuniuliza nimefuata nini.

Nilisimama nimeshika baiskeli. Mtu ambaye angeniuliza kwa nini nati iko mezani badala ya kwenye kopo hakuwa na swali juu ya kazi niliyoiacha. Alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye gurudumu, akaendelea kutembea. Nikajua kwamba anajua habari ya fize. Sijawahi kupata mshtuko kama ule, na baadaye nimeishi katika nchi iliyonipa nafasi nyingi za kushtuka.

Nikajitupa mbele ya gari. Kashindi akafunga breki, gari likavuta kushoto, mitungi ikagongana. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mimi Lubala nimekosea, chuma kilicho chini si cha gari hili, kitakatika, naomba washuke. Nyimbo zikakoma. Kashindi akatoa kichwa dirishani.

"Weye Lubala, uko na akili? Ile gari imetoka Runingu, iko inatembea. Unataka kutuletea haya mbele ya bakwe zetu?"

Shangazi mmoja wa bibi arusi akasema mtoto wao hatakanyaga njia, afadhali harusi ife. Mwanamume mmoja akanishika ukosi. Nikamgeukia Fundi. Nilitaka neno moja tu. Angesema "kweli", wangeshuka wote, maana hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya chuma. Alikuwa anatazama miguu yake.

Aliyetuokoa ni Spesioza. Alifunua kitambaa, akamtazama baba yake kupitia dirishani kwa muda mrefu, kisha akamwambia shangazi kwa Kirundi, kwa upole, kwamba bibi yake alikwenda kwa ingobyi na hakufa. Basi wakashuka, wengi kwa kunitukana. Wanaume wakakata mikaratusi miwili, wakafunga mkeka katikati, wakamweka binti juu yake bila mguu wake kugusa chini, wakambeba. Mitungi tu ndiyo iliyobaki kwenye gari, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuibeba.

Kashindi alikuwa ameumia moyo. Alisema atanionyesha. Akawasha gari, akatupita akiwa peke yake, akiongeza mwendo ili vumbi litufikie vizuri. Mbele kidogo, kijito kilikuwa kimekata barabara na kuacha shimo la upana wa mkeka. Gari likaingia kwenye shimo, likatoka, na gurudumu la kulia likaendelea na safari lenyewe. Lilikwenda mbele ya gari, limesimama wima, halina haraka, likaingia kwenye miwa. Gari likapiga goti, likachimba barabara, likageuka ubavu na kulala. Mitungi yote ikapasuka juu ya mawe pale ambapo watu wangekuwa wamekaa.

Waliombeba Spesioza walisimama naye mabegani, na nilisikia pombe ikitiririka. Kashindi alitoka kupitia dirishani, mdomo umepasuka, akaja mpaka kwenye lile sanduku la mbao lililovunjika, akaanza kuhesabu watu kwa kidole, mmoja mmoja, akafika mwisho akaanza tena. Fundi alikuwa amepiga magoti barabarani. Viatu vyake vilikuwa vimemponyoka.

Harusi ilifungwa. Walifika Kilibula jua likielekea kuzama, wote kwa miguu ila bibi arusi, wamejaa vumbi, na padri aliwasubiri. Baadaye watu wakasema haijapata kutokea harusi nzuri kama ile.

Jumatatu Patroni alituita. Kipande cha fize kilikuwa mezani kwake. Kimekatika karibu na shina, na ungeweza kuona mahali ambapo ufa ulianza, pamekuwa peusi, halafu pale palipokatika mwishoni pakiwa na chembe za kung'aa kama sukari. Kashindi alikuwepo, mdomo umevimba. Nikaeleza habari ya mlango, kiboko, rangi na kopo. Patroni akasikiliza, akafungua daftari, akasema nikusanye nguo zangu. Sikushangaa. Nilikuwa nimezikusanya tangu asubuhi.

Hapo ndipo Ntahombaye aliponipita akasimama mbele ya meza.

"Hapana, Patroni. Njo minye, si yeye. Lubala alienda kula, minye nikabaki na ile fize. Nilipima. Kijiti chekundu kilikataa. Nilijua iko ya nusu tani, na nilimwambia afunge."

Akaendelea, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyopata kumsikia akiyasema kwa siku moja. Alisema alipanga apande mtoto wake na mashangazi wawili tu. Alisema watu walipopanda wote hakuweza kuwashusha bila kusema kwa nini, na kusema kwa nini kulimshinda. Alisema alitembea kando ya gurudumu ili ufa ukilia ausikie.

Patroni alimtazama. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu lilinishtua kuliko gurudumu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba anamjua Ntahombaye miaka mingi, kwamba mtu anayepima mpaka bisibisi hawezi kufanya jambo kama hilo, na kwamba anaona wazi ni moyo wa baba, unaotaka kumficha kijana. Akafunga daftari. Akasema kwa heshima ya moyo huo nibaki kazini. Kashindi akainuka, machozi yanamtoka, akamshika Fundi mikono yote miwili, akamwita mkwe wake mtakatifu.

"Munisikilize," Fundi akasema. "Minye niko nasema kweli."

Kashindi akamwambia ndiyo, ndiyo, mkwe, tumesikia, akambembeleza mgongoni.

Alijaribu tena. Aliwaambia kaka zake Runingu, na wao wakaenda kuwasimulia majirani jinsi ndugu yao alivyojitwika kosa la mtu mwingine. Alimwambia mkwe wake, mume wa Spesioza, naye akampa mtoto wao wa kwanza wa kiume jina la Fundi. Jumapili moja padri alitoa mfano kanisani, bila kutaja jina, wa fundi aliyesimama mahali pa mwanafunzi wake, na watu wote wakageuza vichwa kumtafuta. Alikuwa safu ya nne. Nilimwona akishika benchi la mbele yake kana kwamba kanisa linateremka mlima. Baada ya hapo hakusema tena.

Alifanya kazi miaka mingine mingi. Hakuna gari lililomtoka mikononi likaumiza mtu. Mteja akimsifu kwa ile habari, macho ya Fundi yalinitafuta mimi popote nilipo, chini ya gari au juu yake. Hakunilaumu. Alikuwa ananitazama tu, mtu mmoja anayemtazama mwingine anayejua.

Mtauliza mimi nilifanya nini. Nilinyamaza. Siku ile mbele ya Patroni ningeweza kusema: anasema kweli, nilimkuta ameshika bawa la gari, na hakuniuliza kwa nini nimekuja. Hayo yangetosha. Nilijiambia kwamba mwanafunzi hamshtaki mwalimu wake. Nilijiambia kwamba nitamharibia mtoto ndoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudishiwa kazi ambayo nilishaizika, na niliogopa kuitikisa. Nimejiona mwoga kwa kipindi kirefu kuliko nilivyojiona fundi.

Alipokufa tulimzika Runingu. Msemaji alisimulia habari ileile, imeshaongezwa chumvi, kwamba alijitolea kupigwa kwa ajili yangu. Watu wakanigeukia kwa macho mema. Spesioza, naye ameshakuwa mama wa watu wazima, hakunigeukia. Alikuwa amemtazama baba yake kwenye jeneza vilevile alivyomtazama siku ile dirishani, na nikafahamu kwamba yeye alijua tangu pale pale kwenye miwa, kwamba naye amekaa na jambo hili peke yake kama mimi. Tulikuwa mashahidi wawili, na tulimwacha azikwe na sifa ambayo aliikataa kwa kinywa chake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuuliza kama naweza kuandika. Alinipa maji ya kunywa, akafikiri, akasema, "Andika, Lubala. Baba alichoka kusifiwa."

Basi nimeandika. Fundi Ntahombaye alipima, akajua, akaniambia nifunge. Kisha alisimama mbele ya watu akasema hivyo, na hakuna aliyemsadiki. Mimi nilikuwepo. Mwaminini.